Jina la Saba

Dada yangu,

Mapazia uliyonishonea yamelitosha dirisha, ila paka wa jirani keshaanza kuyaparamia. Figo ni zilezile. Mashine ya kusafisha damu naiendea mara tatu kwa wiki.

Juzi bosi alinipa majina ya wanaohamishwa nichape barua zao. Jina la saba lilikuwa langu. Huko ninakopelekwa mashine hiyo haipo. Nikamwonyesha barua ya daktari, imo kwenye faili langu siku zote.

"Ripoti kwanza, mama. Rufaa utakata ukishafika."

Ningefanya nini, dada? Nikaichapa barua yangu ya uhamisho, nikaigonga muhuri, nikafungua daftari ninalowasainisha wenzangu, nikasaini kwamba nimeipokea.

Mama mwambie tu mapazia yamependeza.

Ni mimi, kitindamimba wenu.