Jani Nililolikunja Vibaya

Dada Mwanaidi, shikamoo. Mwili wangu mzima, ila moyo sina.

Sisi askari tumeshushwa kwenye mji mdogo huku kusini mwa India, tunangoja meli ya kuturudisha. Joto lake ni kama la kwetu Marui kabla ya masika. Leo nilikula wali barazani kwa mama mmoja mjane. Hapa kila mtu hupakuliwa peke yake juu ya jani la mgomba. Nilipomaliza nililikunja langu kwa kulisukuma mbele, mchuzi usinimwagikie. Yule mama akaacha kupakua, akanitazama kwa huruma, akaniuliza kitu kwa lugha yake.

Kando yangu alikaa mzee aliyewahi kuwa karani wa reli Pugu. Akanieleza kwa Kiswahili: "Ukishiba unalikunja jani kuja upande wako. Kulisukuma mbele ni kwa chakula cha msiba. Anauliza umefiwa na nani."

Ningeweza kusema nimekosea tu. Nikashindwa. Nikasema, "Mdogo wangu, Salumu. Tulimzika Burma." Ndiyo mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo, dada. Najua barua ya jeshi imekwisha wafikia. Mama yetu alinikabidhi mtoto wake mkononi, nami namrudishia kofia yake tu.

Mungu akutunze, dada yangu. Siku nitakayofika, lile sinia nililokuwa nikilia chakula na Salumu usilitoe. Nipakulie kwenye sahani, peke yangu, kama huku.

Ndugu yako, Athumani