Mbao Juu ya Mchanga wa Bahari

Jumatatu, 5 Mei

Nimekausha sakafu mara mbili leo. Asubuhi, na tena saa nane. Tambara linajaa maji na hakuna aliyemwaga. Ni simenti yenyewe inatoa jasho. Chumba chetu kiko chini, nusu ndani ya ardhi, maana nyumba hii ya Utange ilijengwa kwenye shimo walimokuwa wakichimba mawe zamani. Nyuma hakuna ukuta. Ni mwamba.

Dama ana miezi kumi. Ameanza kutambaa, na suruali zake zinarudi mbichi magotini. Amelazwa mara mbili tangu mvua zianze. Kifua. Nesi alisema mtoto huyu asikae penye unyevu. Juu ni chumba kimoja tu, cha mavyaa na mawifi zangu wawili. Hakuna nafasi.

Baba Dama amesema mwezi huu ukiisha na chumba hakijakauka, nimchukue mtoto twende Kaloleni kwa mamangu mpaka mvua ziishe. Yeye atabaki na kazi. Hakusema kwa ubaya. Lakini nawajua wanawake walioenda kwao mwezi mmoja wakakaa mwaka. Sitaki. Nataka mwanangu akue akimwona babake.

Jumatano, 7 Mei

Mungu ni mwema. Hoteli anayofanyia kazi Baba Dama kule Bamburi inabadilisha sakafu za vyumba. Ya zamani inatupwa, wafanyakazi wameambiwa anayetaka achukue. Amekuja na tuktuk imejaa.

Inaitwa lamineti. Ni vibao vyembamba vyenye sura ya mbao. Kila kibao kina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, vinapachikana bila msumari wala gundi. Vingine vimevunjika pembe. Vizima vinatosha.

Nimelaza shavu juu ya kimoja nione kama ni baridi. Si baridi.

Ijumaa, 9 Mei

Nilitaka kuanza jana. Jirani yetu Fundi Omari akanikataza. Alibandika kipande cha nailoni sakafuni kwa tepu pande zote nne, akasema kisiguswe. Leo kakifunua. Chini yake matone matone, kama mfuniko wa sufuria ya wali.

Fundi akakwangua simenti kwa ukucha akaonja. Kweli, akaonja! "Wallahi chumvi tupu. Hii ilichanganywa na mchanga wa bahari." Akasema chumvi inavuta maji, hata jua likiwaka inavuta.

Mavyaa alikuwa amesimama mlangoni. Mchanga ule aliubeba yeye kwa kichwa kutoka ufuoni, karai kwa karai, na mimba ya Baba Dama tumboni. Kila Krismasi huhadithia. Leo alisema tu, "Basi ningebeba sukari." Tukacheka. Yeye hakucheka sana.

Fundi kasema dawa ni nailoni nzito chini, ipande ukutani kidogo. Juu yake sponji nyembamba. Juu yake vibao. Na pembeni kote niache nafasi ya upana wa kidole, maana vibao hunenepa siku za mvua. Fundi ana kazi Mtwapa, hawezi kukaa nami. Kanionyesha kwa vibao vitatu, kaniachia msumeno.

Jumatatu, 12 Mei

Vitu vyote nje. Kitanda juu ya mawe, turubai juu ya kitanda. Nimetandaza nailoni, kila kipande kimelalia mwenzake, nikabandika tepu. Magoti yanauma.

Mavyaa kanishikia ncha ya pili. Ananiita mama, mimi namwita mama, basi kuitana kwetu ni vurugu. Ni kwa sababu mwanangu ana jina lake. Kwetu ukimzalia mavyaa mwenye jina lake unakuwa mzazi wake. Kamwambia Dama, "Mwenzangu, mama yetu leo ni fundi."

Jumanne, 13 Mei

Mistari saba ya vibao leo. Mstari mmoja ukiisha, kipande kilichobaki ndicho kinachoanza mstari wa pili, ili maungo yasikae sambamba. Unainamisha kibao, unaingiza ulimi, unakilaza, kinalia tak. Kikikaidi unakigonga, lakini unatanguliza kipande cha mbao, usikipige chenyewe. Nimevunja ulimi wa viwili kabla sijajua nguvu zangu.

Niliishia darasa la nane. Hakuna aliyewahi kuniambia mikono yangu ina akili.

Jumatano, 14 Mei

Nimemaliza. Chumba kinang'aa kama cha wageni wa hoteli. Baba Dama alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Dama kazunguka chumba kizima kwa magoti, magoti makavu.

Neno moja naliandika hapa tu. Ile nafasi ya kidole haipo. Niliiacha siku ya kwanza, na leo asubuhi nikaona tandu anatoka humo, mrefu kama kalamu, karibu na mkono wa mtoto. Mwaka jana tandu alimuuma wifi, mguu ukavimba wiki nzima. Nikamuua. Nikang'oa mistari ya pembeni, nikakata vibao vipya, nikavibana ukutani mpaka wembe usipite. Fundi haelewi habari ya mtoto anayetambaa.

Jumapili, 18 Mei

Mvua tangu Ijumaa. Kanisani hatukwenda. Sakafu kavu. Lakini inalia unapokanyaga katikati.

Jumanne, 20 Mei

Sakafu imeinuka. Katikati ya chumba kuna mgongo, kama kuna mtu amelala chini ya vibao. Ukikanyaga unashuka, ukiondoka unapanda. Maungo mawili yamefumuka.

Baba Dama kaangalia kwa muda mrefu. Kasema, "Ni ule mchanga wa mama. Chumvi haina dawa." Kasema Jumamosi ya mwisho wa mwezi atatusindikiza Kaloleni. Mavyaa alikuwa pale pale akipepeta mchele. Aliacha kupepeta.

Mimi nilijua. Nilinyamaza.

Jumatano, 21 Mei

Mavyaa hakula mchana. Wifi mdogo kasema alimsikia akisali, anamwomba Mungu amsamehe kwa kifua cha mjukuu.

Nina haya. Kweli nina haya.

Alhamisi, 22 Mei

Nimesema.

Nilimkuta mavyaa anafua nikachuchumaa upande wa pili wa beseni, nikashika nguo. Nikamweleza yote, tandu, msumeno, na vile nilivyobana. Nikamwambia si mchanga wako mama, ni mimi. Alikamua nguo mpaka ikaisha maji. Halafu, "Kumbe! Ungeniacha nizikwe na mchanga wangu wewe?" Nikaanza kulia. Kasema machozi niyaweke mbali na sakafu, maji yametosha.

Jioni nikamwambia Baba Dama. Alikasirika, zaidi kwa ajili ya mamake. Haki yake. Nikamwomba siku zilizobaki nitandike upya. Kasema siku ni zile zile, haongezi.

Ijumaa, 23 Mei

Fundi Omari kaja kabla ya kwenda kazini. Kapitisha kidole ukutani, hakikupita popote. "Mwanangu, ulitaka itanukie wapi? Mbinguni?" Kainua mgongo ule na kutuonyesha nailoni. Juu yake kavu. Chini yake maji. Nailoni inafanya kazi yake. Mavyaa kainama, kapapasa mwenyewe, mara mbili.

Kuhusu tandu fundi kasema nafasi haiachwi uchi. Inafunikwa kwa ubao wa pembeni, unapigiliwa ukutani, si sakafuni, ili vibao vicheze chini yake. Kumbe aliliweka hilo la mwisho, hakulisema kwa vile siku hiyo alikuwa na haraka. Na mimi sikuuliza.

Jumamosi, 24 Mei

Tumefumua yote. Baba Dama alikuwa na zamu ya mchana, asubuhi kasaidia. Vibao sita vimekufa, ndimi zimekatika. Vilivyobaki havitoshi mpaka mwambani.

Nilikaa chini nikaona imekwisha. Mavyaa ndiye aliyesema tusifike mwambani. Mwamba una jasho lake, uachiwe. Tumeishia hatua moja kabla, tukapanga mawe madogo hapo na mfereji wa kupeleka maji nje. Fundi alipopita kasema yeye asingewaza hivyo. Mavyaa kajibu, "Nimekaa na mwamba huu kabla wewe hujaota ndevu."

Jumanne, 27 Mei

Ubao wa pembeni umekwisha kupigiliwa. Nafasi ya kidole kote, nimepima kwa kidole changu na cha Baba Dama, changu ni chembamba. Tumefuata chake.

Mvua inanyesha.

Alhamisi, 29 Mei

Bado inanyesha. Barabara ya juu imekatika. Nimetembea chumba chote bila viatu, polepole, mara tatu. Hakuna kinacholia.

Jumamosi, 31 Mei

Nilifungasha nguo za mtoto asubuhi, kama tulivyokubaliana. Sikutaka iwe ugomvi.

Baba Dama alirudi kutoka zamu ya usiku saa mbili, kalowa. Kajifuta miguu. Kalala kifudifudi sakafuni na sare yake, shavu juu ya vibao. Dama kamwendea, kampanda mgongoni, kamvuta sikio. Mtoto hakukohoa hata mara moja. Nilikuwa nasikiliza.

Nikangoja atasema nini. Alikuwa amelala usingizi. Mtoto naye kalala juu yake.

Nimezitoa nguo kwenye mfuko nikazikunja upya na kuzirudisha mahali pake, moja moja, kimya, nisiwaamshe.