Jua la Kwanza Nakatajima

Hamamatsu, Desemba

Baba Nagisa, mume wangu,

Natumaini huko hospitali chai wanakupa ya moto, maana hapa baridi inauma hadi kwenye kucha. Figili nilizoanika zimekauka vizuri.

Pikipiki yako, ile Honda ya mwaka sabini na mbili, nimeifungua. Usinune. Tangi nimelitoa kutu kwa dawa ya kusafishia choo, kama ulivyokuwa ukifanya, na kabureta nimezichemsha kwenye sufuria ya supu ya miso. Sufuria ni yangu.

Jirani yetu Hirano alichungulia akacheka: "Mama Nagisa, hiyo si cherehani!"

"Najua. Cherehani ningekuwa nimeshaimaliza juzi. Pikipiki yako wewe mbona iko chini ya turubai tangu kiangazi?"

Kesho yake akarudi na spana zake.

Daktari aliniita. Anasema mguu wako wa kulia hautapata nguvu tena, na mambo ya pikipiki tuyasahau. Mimi nilikuwa nawaza kabureta.

Jana pikipiki ilinguruma. Miaka yote tulipokwenda kulipokea jua la kwanza la mwaka kule mchangani Nakatajima, nilikaa nyuma nikakushika kiuno. Sasa leseni ninayo mimi, na usiulize nilianguka mara ngapi. Ubavuni tumefunga kigari chenye kiti na blanketi.

Alfajiri ya Mwaka Mpya nitakuwa mlangoni. Wauguzi nimeshawaambia. Vaa soksi jozi mbili, na njiani usinifundishe kuendesha.

Dereva wako,
Sumie