Jiwe la Mita Themanini

Jumamosi, alasiri. Mvua tangu asubuhi. Mtaa wa Msimbazi umegeuka uji, nami moyo wangu hauna hali bora.

Leo nimemliza binti wa marehemu rafiki yangu Athumani.

Zuhura yuko kidato cha nne. Mwalimu wao wa fizikia alihamishwa katikati ya mwaka, hajaletwa mwingine, na kitabu kimoja wanagombea watano. Baba yake aliniachia neno moja tu: msomeshe, awe injinia. Basi kila Jumapili nikawa namweka barazani, mimi na kitabu changu cha enzi za mkoloni, mende wameshakula kurasa kumi za mwanzo. Nikajiona profesa. Hata nilipanda naye ghorofa ya jirani, nikaangusha chungwa, aone jinsi kitu kinachoanguka kinavyozidi kasi kwa kiasi kilekile kila sekunde. Saa yangu mshale wa sekunde ulishakufa, kwa hiyo tulihesabu kwa mdomo. Mama muuza vitumbua kule chini akauliza kama nimerudi utotoni.

Kiasi chenyewe, nilimwambia Zuhura, ni thelathini na mbili. Kariri.

Siku moja aliniuliza kwa adabu, "Baba mdogo, mbona kitabu cha shule kinasema kumi?"

"Hicho wamewapunguzia," nikamwambia, "msije mkachoka."

Tukacheka wote wawili. Akakariri thelathini na mbili.

Jana walifanya karatasi ya kwanza ya mtihani wa fizikia. Leo kaja na swali kalinakili kiganjani: jiwe linaangushwa kutoka mnara wa mita themanini, litatumia sekunde ngapi kufika chini? Yeye alipata mbili na ushei. Wenzake wote, nne.

Nikavaa miwani, nikakokotoa, nikapata mbili na ushei. Nikaanza kutabasamu, niwacheke hao wenzake. Kisha nikaliona lile neno: mita.

Thelathini na mbili ni ya futi. Ya mita ni kumi, kama kilivyosema kitabu cha shule.

Na mimi kazi yangu ni kuuza vitambaa, duka la umma, hapa hapa Kariakoo. Kutwa nabishana na kina mama: dada yangu, yadi zimekufa, siku hizi ni mita. Kumbe kichwani mwangu jiwe bado linaanguka kwa futi.

Pale ndipo ilinipasa niseme. Nilikohoa, nikamuuliza mama yake hajambo.

"Basi mimi hesabu si zangu," akasema. "Jumatatu kuna karatasi ya pili. Siendi." Akajitanda kanga, akaondoka na mvua, machozi hata hakuyafuta.

Nikamwacha aende. Mtu mzima, mvi hizi, nimeona haya mbele ya mtoto aliyeniamini kuliko kitabu chake.

Athumani, nisamehe.

Wanakaa Ilala, kwa mguu si mbali. Mke wangu ananiuliza naenda wapi na mvua hii. Nimemweleza yote. Kwa kawaida angenitania wiki nzima. Leo kanipa mwavuli tu.

Nitabisha hodi. Asipotaka kutoka, nitasemea pale pale mlangoni, majirani nao wasikie: Zuhura, siku ile uliposema kumi, wewe ndiye uliyekuwa sahihi, na mimi nikakucheka.

Kama Jumatatu hatakwenda, basi isiwe kwa sababu ya uongo wangu.