Betri Zinazopumzishwa Saa Kumi Jioni

Mpendwa Shangazi Mwanamisi,

Shikamoo. Naomba msaada wako na naomba uwe wa haraka, maana mkutano wa kijiji ni Jumamosi ya mwisho wa Septemba hii na mpaka sasa sijui nitasimama niseme nini, na suala lenyewe ni la betri, tafadhali usicheke.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, mkulima wa kijiji cha ujamaa huku Magamba, juu ya Lushoto, na ndiye mpiga picha wa kijiji pia, kwa sababu marehemu mjomba wangu aliyefanya kazi bandarini Tanga aliniachia kamera, na kijiji kikaongeza flashi, ile taa inayowaka mara moja wakati wa kupiga, maana huku kwetu ukungu ukishuka hata saa sita mchana ndani ya kanisa ni giza, na bila flashi bibi harusi haonekani, inaonekana shela tupu imesimama.

Flashi inakula betri nne ndogo, nyembamba kama kidole. Nilianza na betri kavu za dukani, zile za kutupa zikiisha, na shangazi, zilinitia aibu kwenye harusi ya binti wa Mzee Mika, kwa sababu baridi ya huku inazilegeza, ukishapiga picha moja unasubiri kijitaa chekundu nyuma ya flashi kiwake tena ndipo upige ya pili, na kusubiri kwenyewe kulianza sekunde kumi, kukafika nusu dakika, kukafika dakika nzima, na bibi harusi ameshika kipande cha keki mbele ya bwana harusi, na bwana harusi amepanua mdomo, na mimi nasema "subirini, subirini kidogo tu," kwaya imeimba ubeti wote na mdomo bado uko wazi, mwisho akachoka akala, na kijitaa kikawaka anajifuta. Hiyo ndiyo picha iliyoko ukutani kwao mpaka leo. Nilizianika betri juani, nikaziweka kando ya jiko kama watu wanavyofanya na za redio, zikatoa picha mbili za mwisho zikalala kabisa.

Basi mwezi wa tano mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao akakipa kijiji betri nne za kuchaji, pamoja na chaja yake na karatasi ya maelekezo ya Kiingereza, na hizo shangazi ni moto, unapiga, unahesabu moja mbili tatu nne, kijitaa hicho kimewaka. Kijijini hatuna umeme, lakini kiwanda cha mbao kule chini kinao usiku na mchana, mwendo wa saa moja kwa miguu, na karani wa ofisi ya kiwanda ni dada mmoja anaitwa Secilia.

Hapa naomba uvute kiti.

Secilia alisoma sekondari ya wasichana ya Kifungilo, anapiga taipu bila kuangalia vidole, na anasoma Kiingereza kama mimi ninavyosoma majina ya watu wa kijiji changu. Mimi niliishia darasa la saba. Nilipompelekea chaja aliisoma ile karatasi mbele na nyuma, akaniangalia, akasema, "Ndugu Sefania, betri hizi si za mchezo. Zinachajiwa siku nne. Na kila siku saa kumi jioni lazima zitolewe, zipumzishwe nusu saa, zigeuzwe, ndipo zirudishwe. Na mwenyewe awepo."

Nikamuuliza, "Kwa nini mwenyewe awepo?"

Akasema, "Ndivyo karatasi inavyosema, mimi nifanyeje?"

Kwa hiyo tangu mwezi wa tano, siku nne za kila wiki, saa kumi kamili niko kwenye ile ofisi, betri zimelazwa juu ya leso yake zinapumzika, na sisi tunakunywa chai ya chupa, mimi nimebeba mapeasi ya kwetu, yeye anayakata kwa wembe wa kuchongea penseli, na gazeti lenu likija analisoma yeye kwanza, halafu ananipa, nami huanzia kwenye ukurasa wako, tunawacheka wanaokuandikia, utusamehe, na nusu saa ikiisha anasema "haya, tugeuze," tunageuza mbili mbili, na mimi naondoka. Sijui naondoka vipi. Narudi nyumbani nimepitia njia isiyo yangu, mama ananiuliza viazi nilivyotumwa viko wapi, sijui viazi gani, na juzi nilimwamkia mbuzi wa Mzee Shabani shikamoo, watu wamesikia. Siku ya kwanza aliniita Ndugu Sefania. Siku hizi ananiita Sefania tu, na mimi jina langu lilikuwa halinipendezi, sasa nalipenda sana.

Sasa balaa. Mwenyekiti wetu, Mzee Athumani, alikwenda Tanga akarudi na katoni ya betri kavu, arobaini na nane, mpya kabisa, za ukubwa ule ule, akaziweka mezani mbele ya kamati akasema, "Mgosi, bwana wee, mwisho wako wa kwenda kiwandani ni leo. Siku nne kwa wiki wenzako wako shamba la maharage la kijiji, wewe uko njiani na betri. Hizi hazitaki umeme wala kupumzishwa. Chaja tutawapa wenzetu wa kijiji cha jirani." Kamati ikapiga makofi. Mama yangu naye alikuwemo, akapiga makofi. Nikaomba suala lifike kwenye mkutano wa kijiji, wakakubali, na mpaka siku hiyo wameniruhusu niendelee kuchaji.

Nina hoja zangu za kuitetea chaja. Betri zake hazitupwi, zinawaka upesi, bwana harusi hataachwa na mdomo wazi. Lakini wataniuliza kwa nini siku hizi zinatoka kwenye chaja za moto hata kushikika ni shida, na kwa nini zilikuwa zinapiga picha arobaini na sasa hazifiki kumi na tano, na hapo ndipo nakuhitaji.

Na hata hivyo, shangazi, nikuambie ukweli kwa kuwa hunioni uso. Nikifikiria saa kumi inafika na mimi sina betri ya kugeuza, naona afadhali saa kumi isifike. Nampenda. Nampenda mpaka nacheka peke yangu shambani. Lakini yeye ni msomi, ni Mkatoliki na mimi Mlutheri, na hajawahi kusema lolote, ni mwema tu, anazihurumia betri. Nikimwambia akakataa nitapoteza hata hiyo nusu saa. Nikinyamaza, mkutano utaninyang'anya. Nichague betri zipi? Nyuma ya barua hii nimenakili ile karatasi ya Kiingereza herufi kwa herufi, bila kuielewa, labda utaona humo hoja ya kunisaidia. Naomba jina langu lisitajwe.

Ni mimi, mpiga picha wa Magamba.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Jina lako nimelibadilisha kama ulivyoomba na la binti pia, ingawa sijui nimekufichia nini, maana mwenye flashi hapo Magamba ni wewe peke yako.

Nianze na hiyo karatasi. Niliipeleka kwa fundi redio wa hapa karibu na ofisi yetu, Bwana Ramadhani, mtu ambaye hacheki ovyo. Aliisoma mara mbili. Akaniomba barua yako, akaisoma nayo. Kisha akaweka bisibisi mezani akatoka nje, na nilimsikia akicheka hadi kwenye duka la pili.

Karatasi inasema saa kumi na nne, basi. Unachomeka jioni, unachomoa asubuhi. Hakuna siku nne humo. Hakuna kupumzisha. Hakuna kugeuza, betri si chapati. Na hakuna mstari hata mmoja unaosema mwenyewe awepo. Hayo yote aliyasema Secilia kutoka kichwani mwake, tena papo hapo, wewe umesimama mbele yake na chaja mkononi. Na msichana aliyesoma akapewa kazi ya ukarani hakosei kusoma kikaratasi cha mistari kumi na mbili. Pumua kwanza, halafu tuendelee.

Wewe kijana, miezi minne! Mtu anakuambia betri zinataka leso ya kulalia na chai pembeni, na wewe unaitikia? Wenzako wanapinda migongo kwenye maharage, wewe unakula mapeasi. Mwenyekiti wenu ana haki ya kukasirika, na ningekuwa kwenye ile kamati ningepiga makofi kumzidi mama yako.

Na wewe binti, usijifiche, najua unasoma. Betri zinazotakiwa kuchajiwa usiku mmoja unaziweka kwenye umeme siku nne, unadhani zinafanya nini mle? Zinapikwa. Ndiyo maana zinatoka za moto, ndiyo maana picha arobaini zimekuwa kumi na tano. Ni mali ya kijiji, si kisingizio chako. Ungemwambia tu aje kunywa chai, angekuja mbio, na zile betri zingekuwa salama mpaka leo.

Nasema najua unasoma kwa sababu Sefania mwenyewe ameniandikia gazeti hili linasomwa wapi na linaanza mikononi mwa nani. Hilo hukuliwaza, Sefania, ulipokuwa unaomba jina lisitajwe? Wakati huu unaposoma mstari huu umekaa kwenye ile ofisi, na yeye ameshaumaliza ukurasa mzima kabla yako. Hivi sasa anajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Usiinue kichwa bado, sijamaliza.

Mkutanoni, simama umshukuru Mzee Athumani kwa katoni yake, na ushukuru kwa moyo, kwa sababu betri kavu utazihitaji. Zinakaa miezi kabatini bila kupoteza nguvu, na kwa picha moja moja za kubandika kwenye kadi, ambapo hakuna keki wala haraka, zinatosha kabisa. Lakini uwaombe chaja isiondoke. Kwa harusi betri za kuchaji hazina mpinzani, na Bwana Ramadhani anasema hivyo hivyo. Uwaambie kuanzia sasa utazipeleka jioni moja kabla ya harusi na kuzichukua asubuhi yake, na siku zilizobaki utakuwa shamba. Uwaambie pia kwamba zimechoka kwa sababu zilichajiwa kupita kiasi, kosa lako na la karani, na kama hazitapona mtatafuta nyingine. Ukilisema mwenyewe halitakuuma kama litakavyouma likisemwa na mwingine.

Siku ya harusi beba za kuchaji ndani ya flashi na nne kavu kwenye mfuko wa shati, zipate joto la mwili wako, huko kwenu baridi ndiyo inayozilegeza. Usichanganye aina mbili ndani ya flashi, wala mpya na kuukuu. Kando ya jiko usiziweke tena. Na betri kavu usiitie kwenye chaja hata siku moja, Bwana Ramadhani aliacha kucheka aliponiambia hilo. Inapasuka.

Sasa la moyoni. Unaogopa usomi wake, lakini usomi wote huo ameutumia kukutungia uongo ili urudi kesho. Mambo ya makanisa yapo na ni mazito, wala sitakudanganya. Yanataka kuongea na mchungaji wako na padri wake mapema, wazi wazi, wazazi wa pande zote wakiwa wanajua. Wengi wameyapita. Lakini hayo ni ya watu wawili waliokwisha kuambiana, na ninyi hata neno moja hamjaambiana, mnaongea kwa betri.

Uliogopa kwamba ukisema atakataa. Haya, sikiliza. Leo asubuhi gazeti limefika mezani kwake. Amelisoma, amejiona, ameona na wewe umesema nini juu yake mbele ya nchi nzima. Angekuwa hataki, angelikunja akalitia kwenye jiko la kiwanda, akakuambia wiki hii halikuja, na wewe ungemwamini, maana wewe unaamini kila kitu. Hakufanya hivyo. Amekupa kwa mkono wake, akijua utaanzia ukurasa huu. Binti wa watu ameshajibu, Sefania. Zamu ni yako, na usiniletee barua nyingine ya kuniuliza useme nini. Sema ulichoniandikia mimi. Kisha mpate mshenga mtu mzima, na umfundishe mtu mwingine kushika hiyo kamera, kwa sababu kuna harusi moja ambayo hutaweza kuipiga mwenyewe.

Nimemaliza. Weka gazeti mezani. Ziache betri zilipo. Inua kichwa.