Ng'ombe za Chini ya Ziwa

Kigera, Musoma

Baba,

Nimeolewa! Naanza na hilo maana nikilichelewesha nitapasuka. Magesa ni fundi wa injini za boti, mikono imejaa oili, na ananiita "mwezi wangu" hata mbele ya mafundi wenzake. Ungempenda.

Siku hizi sabuni zimejaa madukani, za kila rangi. Kila nikinunua nakukumbuka. Miaka ile ya foleni pale Bukima, tukipata mche mmoja, ulikata kipande ukakibandika chini ya jiwe, ukalishusha ziwani kwa kamba ya mafundo ili udongo wa chini unate. Watafiti uliowapigia kasia ujanani ndio waliokufundisha. Mama alisema, "Sisi tunanuka, ziwa linaogaga." Ulicheka, ukaandika kina na rangi ya tope kwenye daftari langu la hesabu.

Walikuambia zamani sana ziwa lilikauka, pakaota nyasi. Ng'ombe zilizolisha hapo ukaziongeza mwenyewe. Hapo ndipo ulipoharibu, Baba. Mpaka unazikwa watu walikuwa wakiuliza, "Mzee, ng'ombe zako za chini ya maji zimezaa?"

Hata kwenye mahari yangu, baba mkubwa wa Magesa alisema, "Tulete ng'ombe zote za nini? Za baba yake si ziko ziwani?" Wakacheka, akapunguza mtamba mmoja. Mama akainamisha kichwa. Nililia jikoni. Sikumlilia mtamba, nililia kwamba wamekuzika na jina la mwongo.

Mwezi uliopita wamekuja watafiti wengine, Magesa akawaendeshea boti. Walizamisha bomba refu. Chini ya tope laini likatoa udongo mgumu, kama wa mbuga wakati wa kiangazi, na ndani yake vijizizi vya nyasi. Magesa aliomba donge, akalipeleka Bunda kwa baba yake mkubwa. Mzee alilivunja kwa kidole, akanusa.

"Nyasi zilikuwepo," akasema. "Ng'ombe bado sijaziona."

Jumamosi Magesa alimswaga yule mtamba aliyepunguzwa hadi kwa Mama. "Huyu ametoka ziwani," akamwambia. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Pumzika, Baba. Kamba yako ninayo. Nitaishusha mimi na Magesa wangu, na sabuni ya waridi, mche mzima. Tope litakalonata nitakuletea kaburini, na kina chake nitakiandika kwenye daftari lile lile, chini ya mwandiko wako.

Nyangeta wako