Mama mkwe anaachia shule karabai, na stima imeshafika

Shangazi Zebunissa, pokea salamu kutoka Lawrence Heights, huku huku Kanada, naandika mtoto akiwa amenilalia kifuani kwa hiyo mwandiko ukipinda usinicheke, naomba unishike mkono kwa jambo ambalo sina wa kumwambia, maana mume wangu Wayne nikimgusia anasema mambo ya mama yake nimwachie mama yake.

Mama mkwe wangu, Mama Kwamboka, tunaishi naye, ndiye aliyenipokea nilipoingia nchi hii na koti moja jepesi, akavua skafu yake akanifunga shingoni pale pale uwanja wa ndege, na hadi leo nikitoka kazini kutunza wazee wa watu nakuta ameogesha watoto, amewapikia, anawasemesha Kiswahili wao wanamjibu Kiingereza na wanaelewana tu, kwa hiyo usidhani nimekuja kumsengenya, nampenda kama aliyenizaa.

Mwezi ujao anafanyiwa operesheni ya moyo. Kabla ya hapo anataka wakili amwandikie wosia, na msimamizi wa mirathi amenitaja mimi. Sehemu kubwa ya akiba yake ya unesi inabaki kwa wanawe, hapo sina neno, ila ametenga fungu la shule ya wasichana aliyosoma huko Kisii na ameagiza iandikwe kwamba zinunuliwe karabai za bweni, zile taa za kupampu, na kitu kingine chochote hapana. Sasa mwalimu mmoja wa pale, rafiki yangu, ameniambia bweni limeunganishiwa umeme, lina stima tangu mwaka jana. Nikamwambia Mama tukichambua sukuma wiki.

"Stima gani? Hiyo inayopotea mvua ikinyesha?"

"Basi Mama, si uandike tu masomo ya wasichana?"

"Niandike hivyo, yule shemeji yangu wa kamati ya shule ajenge banda la kuku aliite darasa? Umesahau tangi?"

Sijasahau. Tulichangia tangi la maji la shule, likaishia kwa huyo shemeji yake, ng'ombe wake ndio wanaokunywa.

"Na wewe Cherono, haraka ya nini? Unanizika hata kitanda cha hospitali sijakilalia?" Akacheka, akanichapa begani na bua la sukuma. Mimi nikaenda kulia bafuni, kwa sababu kwetu mke wa mtoto haongelei kifo na mama mkwe, na wosia wa mzazi haugeuzwi hata neno. Nikinyamaza, siku moja nitabaki na maagizo yasiyotekelezeka na ukoo mzima shingoni. Nikisema tena, nitaonekana namsubiri afe. Nifanyeje?

Cherono, mama wa wawili

*

Cherono mwanangu, kwanza lala, hata nusu saa. Mkwe anayelia bafuni kwa ajili ya sadaka ya mama mkwe wake namwombea dua, halafu namgombeza.

Wosia haugeuzwi mwenyewe akishafariki. Mama Kwamboka yuko hai, anachambua sukuma na kukuchapa nayo! Leo maneno ni yake, atayafuta na kuyaandika upya kadiri apendavyo. Na usimwone mkaidi. Aliyeibiwa tangi hufunga mlango kwa makomeo mawili, nawe ukaenda kumwambia auache wazi. Lakini na yeye amebana mno. Karabai zikikosa kazi, au shule ikifungwa, fungu lile linaweza kwenda kugombewa mahakamani na wasichana wasipate kitu.

Usimuulize tena kinunuliwe nini. Muulize, "Mama, ulipokuwa bwenini ulikosa nini?" Kisha funga mdomo umsikilize. Nadhani atakwambia alikosa mwanga wa kusomea. Hilo ndilo liandikwe kwanza, kwamba wasichana wa bweni wapate mwanga, kwa karabai au kwa chombo chochote kitakachofaa wakati huo, hata umeme wa jua, maana kuhusu stima na mvua amesema kweli. Mwanga ukishatosha, fungu liende kwenye hitaji lao lingine la masomo. Shule ikiwa haipo, liende shule nyingine ya wasichana ya jirani. Uamuzi uwe wa watu wawili, wewe na mtu asiye wa ukoo, na muuzaji alipwe moja kwa moja. Shemeji asishike hata senti. Hapo komeo lake limebaki mahali pake.

Asiandike kiasi kamili, aandike sehemu ya kitakachobaki, kwa sababu ugonjwa na uzee hula akiba. Wakili aulizwe zawadi ya kwenda nje ya Kanada ipitie njia gani. Na wewe na Wayne msitie sahihi ya ushahidi, hapa Ontario inaweza kubatilisha anachoachiwa Wayne.

Ongea naye mchana, mmeshakula, Wayne akiwepo, apende asipende. Mwambie, "Mama, nataka uamke salama, na nitakuwepo ukifumbua macho. Ila umenipa kazi, nipe na uwezo wa kuifanya." Akikataa, mkumbatie, mpeleke kwa wakili aandike karabai zake. Mali ni yake. Lakini kabla hajatia sahihi, mwambie kwa upole kwamba usimamizi wa jambo usiloweza kulitimiza huupokei. Hatakasirika. Angetaka mtu wa kuitikia tu, angewachagua wanawe.